Taratibu Si Uvivu

Iko tuhuma moja ambayo imekwisha kuzoeleka hata haichukuliwi tena kuwa tuhuma. Husemwa katika mabasi, husemwa katika ofisi, na, tunaona haya kukiri, husemwa hata katika vyumba vya walimu: kwamba watu wa uwanda wa juu wa Ufipa ni wazito, hawana haraka, na kwa sababu hiyo maendeleo yamewapita njiani. Anayesema hivyo aghalabu ni mgeni aliyefika juzi, saa mkononi, ambaye amesubiri kitu fulani kwa nusu siku na hakukipata. Makala haya yanakusudia kuipinga tuhuma hiyo. Hatutaipinga kwa kudai kwamba Wafipa nao wana haraka kama wengine, la hasha. Tutaipinga kwa kuuliza ni nani aliyetufundisha kwamba haraka ni sifa na taratibu ni aibu, na mafunzo hayo yametugharimu nini.

Sisi wenyewe tulikuwa miongoni mwa wasemao. Tulipopelekwa kufundisha Laela, yapata kilomita 95 kutoka Sumbawanga, barabara ya kwenda Tunduma ilikuwa bado ya udongo, na wakati wa mvua safari lilikuwa jambo la kumwachia Mungu. Siku moja tulitaka kwenda Sumbawanga kufuata mishahara yetu. Tukamwendea mzee mmoja ambaye nyumba yake ilikuwa kando ya barabara, tukamwuliza, hata kabla ya kumwamkia vizuri, kama lori limekwisha kupita. Mzee hakujibu. Alichuchumaa, akapiga makofi taratibu kama ilivyo desturi ya salamu za huko, kisha akangoja. Ilitubidi nasi tuchuchumae. Akatuuliza habari za nyumbani, za wazazi wetu, za wanafunzi, na za mvua ya huko tulikotoka. Akaagiza togwa. Tukanywa tukiwa tumekalia ncha ya kigoda, macho yote barabarani. Kibuyu kilipokwisha ndipo aliposema, "Walimu, lori limekwama matopeni tangu jana. Halipiti leo wala kesho."

"Sasa babu, mbona hukutuambia mapema?"

"Ningewaambia mapema mngekwenda kusimama barabarani. Sasa mmekwisha kunywa togwa, na lori liko pale pale."

Wakati ule tulicheka kwa adabu tu, na tulipofika nyumbani tulimsema. Ilituchukua miaka kutambua kwamba katika asubuhi ile watu wenye elimu ndio waliokuwa wakipoteza wakati, na asiyekuwa na saa ndiye aliyeutumia.

Na tuanze na kazi, maana tuhuma ya uvivu lazima ijibiwe shambani. Mtu atembeaye Ufipa mwezi wa Februari au Machi, nyasi zikiwa mbichi na udongo ukiwa laini kwa mvua, ataona mashamba yaliyojaa matuta ya duara, yamekaa kama vichuguu vilivyopangwa. Hayo ndiyo matuta ya ntumba. Mkulima hukata udongo pamoja na nyasi zake, akaugeuza juu chini, akaurundika hata nyasi zikawa zimezikwa ndani. Juu ya tuta huweza kupandwa maharagwe. Kisha tuta huachwa. Kiangazi chote, wakati baridi ya Juni na Julai inapouma na upepo unapopita uwandani bila kizuizi, nyasi zinaoza ndani ya udongo bila kupigiwa kelele na mtu yeyote. Mvua za mwanzo zinapokuja mwezi wa Novemba au Desemba, matuta hubomolewa na udongo ule uliorutubika hutandazwa, ndipo ulezi unapopandwa. Mavuno ni katikati ya mwaka unaofuata. Basi kati ya pigo la kwanza la jembe na ugali wa ulezi mezani hupita zaidi ya mwaka mzima.

Twawauliza wanaosema watu hawa ni wavivu: ni mvivu gani aliyepata kupiga jembe Machi kwa ajili ya chakula cha Juni ya mwaka wa pili? Mvivu hufuata njia fupi. Huwasha moto, nyasi zikawa majivu kwa saa moja, akapanda. Mkulima wa ntumba hakuchagua moto. Alichagua kuoza, ambako ni kwa taratibu, kwa sababu alijua kwamba ardhi ya uwanda ule ni maskini wa rutuba na haikubali kukopwa bila kulipwa. Hii ni sayansi, na ni sayansi iliyogunduliwa na watu wasiokuwa na maabara, kama vile Wamatengo wa Mbinga walivyogundua mashimo yao ya ngoro ya kuzuia mmomonyoko milimani. Na huo ulezi wenyewe una tabia ya kwao: ukikauka vizuri hukaa ghalani kwa miaka bila kuliwa na wadudu. Mahindi hayawezi, fukusi na dumuzi hawangoji. Mwenye ulezi anaweza kumtazama mlanguzi usoni akamwambia rudi mwezi ujao. Mwenye mahindi hana ujasiri huo, naye huuza wakati wa mavuno, wakati kila mtu anauza, kwa bei ya mnunuzi.

Kabla ya chuma cha Ulaya kuenea, jembe la kutengenezea ntumba lilitoka katika udongo ule ule. Wahunzi wa Ufipa walijenga matanuri ya udongo marefu kupita kimo cha mtu, ambayo mabaki yake yameonekana sehemu mbalimbali za uwanda. Ajabu ya matanuri hayo ni kwamba hayakuvukutwa. Yalijengwa na matundu chini, na urefu wake wenyewe ndio uliovuta upepo, moto ukawaka siku kadhaa ukiyeyusha mawe ya chuma bila mtu kushika mvukuto. Mivukuto ilitumika baadaye, katika tanuri dogo la kusafishia, mahali ambapo nguvu ya ghafla ilihitajiwa. Angalia hekima ya mpango huo. Wazee wale hawakuipinga haraka. Waliijua mahali pake, wakaipa tanuri dogo.

Sasa na tuiweke kando ya mfano huo kazi ya wale waliotuita wazito. Mwaka 1946, Waingereza, wakiwa na upungufu wa mafuta ya kula baada ya vita, walipeleka ujumbe wa wataalamu Tanganyika. Ujumbe ulizunguka kwa wiki chache tu, ukaandika taarifa, na mwaka 1947 kazi ikaanza Kongwa: ekari zaidi ya milioni tatu zilikusudiwa kulimwa karanga. Hapakuwa na wakati wa kupima udongo vya kutosha wala kuzijua mvua za pale. Matrekta yaliyokuukuu yaliletwa, hata vifaru vya vita vikageuzwa kuwa vya kung'olea visiki. Udongo wa Kongwa wakati wa kiangazi ukawa mgumu kama saruji, karanga zikagoma kutoka ardhini, na mvua haikutii ratiba ya London. Mwaka 1951 mradi ulizikwa pamoja na pauni milioni 36. Mgogo yeyote aliyechunga ng'ombe Kongwa angeweza kuwaambia habari za mvua ile, kama wangeketi na kumwamkia kwanza.

Lakini tusijifanye kwamba ugonjwa huo ulikuwa wa wakoloni peke yao. Baada ya Uhuru sisi nasi tulishikwa nao. Mwaka 1973 iliamuliwa kwamba kufikia mwisho wa mwaka 1976 wananchi wote wa mashambani wawe wanaishi katika vijiji. Nia ilikuwa njema, nasi hatumo katika kundi la wale wanaoubeza ujamaa kwa kuwa umepitwa na mtindo. Shule, maji na zahanati haviwezi kufikishwa kwa nyumba zilizotawanyika. Ila jambo lililotakiwa kukua kwa ridhaa, kijiji baada ya kijiji, likageuzwa kuwa operesheni yenye tarehe ya mwisho, na katika sehemu nyingine watu walifika mahali papya kabla ya maji na kabla ya mashamba. Mwalimu Nyerere mwenyewe, alipoyapima mwaka 1977 matokeo ya miaka kumi ya Azimio la Arusha, hakuficha kwamba makosa yalifanyika. Hatuna budi kusema wazi kwamba moja ya makosa hayo lilikuwa saa.

Ufipa nao ukapata sehemu yake ya haraka, ingawa kwa njia tamu zaidi. Katika miaka ya 1980 mkoa wa Rukwa, uliokuwa umeanzishwa mwaka 1974, ulihesabiwa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma kuwa mikoa minne mikubwa ya mahindi. Mbolea ya viwandani ilikuja kwa ruzuku. Kijana akiuliza kwa nini alimbike nyasi mwaka mzima ilhali mfuko mmoja wa mbolea unafanya kazi hiyo kwa wiki chache, hakuwa na mtu wa kumjibu. Mahindi yalijaa maghalani, nasi tuliyala kwa furaha, tusiwe wanafiki. Kisha ruzuku ikapunguzwa na kuondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1990, mfuko ukapanda bei, na yule aliyekwisha kuisahau ntumba akajikuta hana mbolea ya dukani wala ya nyasi. Leo ruzuku zimerudi kwa sura nyingine, na yawezekana zitaondoka tena. Nyasi haziondoki.

Wako wenye elimu ya juu zaidi watakaotupinga kwa falsafa. Marehemu Profesa John Mbiti wa Kenya, katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1969, aliyachukua maneno yetu mawili ya Kiswahili, sasa na zamani, akaeleza kwamba kwa Mwafrika wa mila wakati ni hayo mawili, na kwamba wakati ujao, ukipita mwaka mmoja au miwili, haupo katika fikra zake. Tunamheshimu Profesa Mbiti kwa kazi kubwa aliyoifanya ya kuzitetea dini za Kiafrika, lakini twadhani hapa alisikiliza vitenzi akasahau kutazama mashamba. Shamba la ntumba halilimwi mwaka mmoja tu. Hufuatana mazao kwa miaka, kisha huachwa lipumzike kwa miaka hadi nyasi zirudi. Anayeliacha shamba leo ili mwanawe alilime hana upungufu wa wakati ujao. Pengine ni sisi, tunaouza msitu kwa mkaa wa mwezi huu, tulio nao.

Tuangalie pia lugha. Katika Kiswahili neno taratibu lina maana ya polepole, na utaratibu ni mpango mwema wa mambo. Si sadfa ndogo: lugha yetu haikuona tofauti kati ya kwenda polepole na kwenda kwa mpango. Kupumzika ni ndugu wa kupumua. Asiyepumzika, kwa lugha yetu, amenyimwa pumzi. Upole ni mwendo na ni tabia. Na saa zetu wenyewe tunazihesabu tangu jua linapochomoza, hata saa moja ya asubuhi ikawa ni saa ya kwanza ya mwanga na ya kazi, wala si namba iliyowekwa gizani usiku wa manane. Mwanafunzi anayeona haya kusema saa moja kwa sababu simu yake inasema saba ameanza kukopa hata asubuhi.

Hapa, hata hivyo, hatuna budi kugeuka na kupambana na maadui wa upande wa pili, ambao ni hatari zaidi kwa kuwa wanajifanya rafiki zetu. Wa kwanza ni yule mtumishi wa umma anayemwambia mkulima aliyetembea tangu alfajiri, "Njoo kesho." Akiulizwa hujibu kwa methali kwamba haraka haraka haina baraka. Sisi tumepata kurudishwa na ofisi moja mara nne kwa sababu ya mhuri uliokuwa ndani ya mtoto wa meza, na mwenye ufunguo alikuwa kwenye chai. Huo si mwendo wa taratibu. Ni wizi wa siku za watu. Mwendo wa taratibu ni kumpa mtu wakati wako. Uzembe ni kumnyang'anya wake. Wahenga hawakuwa wajinga kiasi cha kutuachia methali ya upande mmoja: walisema pia kwamba chelewa chelewa utakuta mwana si wako, na kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Mama mwenye uchungu wa kuzaa asiambiwe habari ya upole. Barabara ya lami iliyojengwa katika miaka ya 2010 kutoka Tunduma kupitia Laela hadi Sumbawanga, kwa msaada mkubwa wa fedha za Marekani, imeokoa wagonjwa ambao barabara ya zamani ingewaulia njiani, nasi hatumtamanii mtu matope yale kwa sababu ya togwa tuliyokunywa.

Adui wa pili yuko nyumbani, na yumkini wasomaji wetu wanaume hawatapenda kumsikia. Mara nyingi ule utulivu wa mume barazani umebebwa na haraka ya mke. Yeye amekaa akisimulia. Mke yuko kisimani, kisha jikoni, kisha kinuni, na mtoto mgongoni. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikwisha kusema kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi hata saa 12 au 14 kwa siku, ilhali wanaume wengi wako likizoni nusu ya maisha yao. Tukifundisha starehe ya mwendo wa taratibu bila kugawana mtungi wa maji, tunafundisha ubwana tu.

Wa tatu ni mwuza fulana. Maneno polepole siku hizi yamechapwa kwenye nguo kwa ajili ya watalii. Juu ya Kilimanjaro waongozaji wanapoyatamka wana maana ya kweli kabisa: mwili unahitaji siku za kuizoea hewa iliyo haba, na mwenye mbio hushushwa kwa machela. Lakini fulana haielezi hilo. Fulana humwambia mgeni kwamba hapa ni mahali ambapo watu hawana la kufanya. Wakati huo huo, wenzetu wa nchi zilizotufundisha haraka wameanza kuilia. Nchini Italia, mkahawa wa McDonald's ulipofunguliwa mwaka 1986 karibu na Piazza di Spagna mjini Roma, watu waliandamana, na kutokana na upinzani huo kikazaliwa chama cha Slow Food, yaani chakula cha taratibu, ambacho kilitangaza ilani yake Paris mwaka 1989. Mwaka 1999 miji ikaanzisha umoja wake wa miji ya taratibu. Wanalipa ada kuyatafuta yale ambayo mzee wa Laela aliyatoa bure, na sisi tunaona haya kuyarithi.

Tutaulizwa: Je, Mwalimu hakutuasa tukimbie wakati wenzetu wanatembea? Alituasa, na alikuwa na haki, kwa kuwa umaskini ulikuwa mkubwa na shule zilikuwa chache. Ila tufikiri ni mkimbiaji gani taifa hili limemweka moyoni kuliko wote. Mexico, mwaka 1968, John Stephen Akhwari alianguka katika mbio za marathoni akaumia goti. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alikwisha kumaliza zaidi ya saa moja kabla, giza limeingia, na uwanja umekaribia kuwa mtupu, ndipo Mtanzania alipoingia akichechemea, goti limefungwa bendeji, akamaliza. Alikuwa wa mwisho. Nusu karne imepita na watoto wetu wanalijua jina lake kuliko la aliyeshinda.

Twawageukia sasa walimu wenzetu. Shule ndicho kiwanda kikubwa cha haraka. Kengele hukata sentensi katikati. Muhtasari lazima uishe kabla ya mtihani, hata kama hakuna aliyeelewa. Mwalimu huandika ubaoni, mwanafunzi hunakili, na baina yao hapana hata nukta ya kuuliza swali lisilo na majibu kitabuni. Mtoto anayekaa chini ya mti bila kitabu huitwa mzururaji, ingawa huenda ndiyo mara yake ya kwanza kufikiri tangu Jumatatu. Kufurahia taratibu hakuji peke yake. Sisi tulifundishwa, tena kwa shida, na mwanzoni kukaa kimya kwa nusu saa na mzee bila kutazama saa kulituchosha kuliko kulima. Baadaye tulianza kusikia vitu: upepo ukigeuka kabla ya mvua, jirani akisita kabla ya kutaja shida yake. Shida za kweli hazitajwi katika dakika tano za kwanza.

Mwaka mmoja, mwezi wa Machi, tuliwapeleka Kidato cha Nne kwenye shamba la shule, tukamwomba mzee wetu wa togwa awaonyeshe jinsi ya kutengeneza ntumba, maana wengi wao walizijua kwa macho tu. Walinung'unika. Mmoja alipiga hesabu haraka akasema, "Mwalimu, tutamaliza shule Novemba, na ulezi utavunwa Juni. Sisi tunalima ili ale nani?" Mzee alimtazama kwa muda mrefu, kisha akampa jembe. Walitengeneza matuta hadi jua lilipotua, na kufikia jioni walikuwa wakishindana si kwa wingi bali kwa uzuri wa duara.

Juni ya mwaka uliofuata wawili kati yao walifika kwa miguu kutoka vijiji vya jirani, siku tulipokuwa tukikata masuke. Hatukuwa tumewaita. Walichuchumaa, wakapiga makofi, wakatuuliza habari za nyumbani, za wanafunzi na za baridi ya mwaka huo. Kisha wakachukua visu.